Mchango Mdogo katika Elimu ya Kutazama Watu Mjini Bunia

Kutazama watu ni elimu isiyo na chuo, isiyo na cheti na isiyo na mshahara, ingawa wanafunzi wake wamejaa kwenye kila baraza, kila stendi ya basi na kila dirisha lenye pazia jepesi. Kwa maana inayotumiwa katika insha hii, istilahi hiyo inahusu kitendo cha mtu mzima kukaa mahali pa wazi, akiwa na kisingizio cha kuaminika mkononi kama vile kikombe cha chai au gazeti la juzi, na kufuatilia mienendo ya watu wasiomhusu bila kuwauliza neno. Nayo inatofautiana na umbeya kwa jambo moja tu, kwamba mmbeya anawajua anaowasema. Ndiyo maana wajuzi wa elimu hii hupendelea kuifanyia ugenini, kwa kuwa nyumbani mtazamaji hamalizi hata robo saa kabla hajasalimiwa, akaulizwa hali ya mama yake, na kukumbushwa deni.

Ugeni nao una madaraja yake, na dai la insha hii ni kwamba daraja lenye hatari zaidi si la mtu aliyefika mahali asipoelewa hata neno moja, bali la yule aliyefika mahali anapodhani anaelewa yote. Mswahili wa pwani akishushwa katikati ya Seoul hutambua papo hapo kwamba hatambui kitu, hivyo hutembea kwa hadhari, huuliza kwa vidole na hurudi salama. Mswahili huyohuyo akishushwa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, husikia Kiswahili kila upande, kuanzia kwa mpakua mizigo hadi kwa mtangazaji wa redio, akajiona yuko kwao. Na tangu dakika hiyo kila anachokigusa huenda mrama.

Kielelezo cha uchunguzi huu ni mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Tanga, ambaye jina lake limehifadhiwa kwa sababu zitakazobainika mapema, na ambaye mwandishi wa insha hii anamfahamu kwa karibu kuliko anavyopenda kukiri. Mwalimu huyo alifika Bunia kwa barabara kutoka Uganda, akakaa majuma mawili, na muda wake mwingi aliutumia akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mkahawa mdogo karibu na Bulevadi ya Ukombozi, ambayo wenyewe huiita kwa Kifaransa Boulevard de la Libération na ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mji. Bunia imekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1275 hivi kutoka usawa wa bahari, Ziwa Albert likiwa bondeni upande wa mashariki kwa umbali wa kilomita zipatazo 30, na upande wa magharibi, kwa mwendo usio mrefu, ukianza msitu wa Ituri. Ndani ya msitu huo anaishi okapi, mnyama wa ukoo wa twiga mwenye miguu yenye milia kama ya pundamilia, ambaye wataalamu wa Ulaya hawakumtambua rasmi hadi mwaka 1901, jambo linaloonyesha kwamba katika nchi hii hata kutotazamwa ni ufundi.

Kiswahili kilifika sehemu hizi za Kongo katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Zanzibar, ambao mashuhuri wao alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip; watu wa misafara hiyo walijiita waungwana, na lugha yao ikaja kuitwa Kingwana, jina ambalo wanaisimu walilitumia kwa muda mrefu kwa Kiswahili cha Kongo. Baadaye ilienezwa zaidi na utawala wa kikoloni na migodi ya dhahabu ya Kilo na Moto, ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja ya kuamrishwa na kulalamikia. Kwa hiyo lugha hiyo imekaa Ituri kwa zaidi ya karne, imeoa hapo, imezaa hapo, na haina haja ya kuomba ruhusa Tanga. Mwalimu aliyajua yote haya kwa kuyasoma, lakini kujua kwa kusoma na kujua kwa kuaibika ni mambo mawili.

Aibu ya kwanza ilianza na salamu. Kwa mwaka wa ishirini sasa mwalimu huyo alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kwamba «jambo» tupu si salamu bali ni neno wanalouziwa watalii pamoja na vinyago, na kwamba mtu mwenye adabu husema «hujambo» na kujibiwa «sijambo». Bunia ilimpokea kwa «jambo» kutoka kila mdomo: jambo ya mchuuzi, jambo ya padri, «jambo sana» ya mtoto mwenye mfuko wa shule mgongoni. Siku nzima ya kwanza alidhani anadhihakiwa, akajikagua mavazi mara kadhaa kutafuta kilichomfanya aonekane mtalii. Naye kila alipojibu «sijambo» kwa ukamilifu wa sarufi, wenyeji walimtazama kama watu walioambiwa kwamba salamu yao siyo. Alipomwamkia bibi mmoja mzee «shikamoo», huku ameinama kidogo kama alivyolelewa, bibi alijibu «jambo, papa» na kuendelea na safari yake, akimwacha mwalimu ameinama vilevile, akisubiri «marahaba» ambayo haikuwa njiani.

Kubwa zaidi lilitokea mlangoni pa nyumba moja ya heshima. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kitenzi «kutosha» kina maana ya kuondoa au kutoa kitu mahali kilipo, ilhali pwani kitenzi hichohicho kina maana ya kuwa kiasi kinachofaa. Mama wa nyumba, akiwa ametoka kupiga deki, alimwambia mgeni kwa upole, «Papa, tosha viatu.» Mgeni, ambaye alifurahishwa na namna mwenyeji anavyojali starehe yake tangu mlangoni, alijibu kwamba vinatosha kabisa, kwamba ni namba 42, na kwamba alivinunua Mombasa. Mama alirudia kwa sauti ya juu zaidi kidogo. Mgeni, akidhani hakuaminiwa, alipiga hatua mbili ndani ya sebule, akakanyaga kwa kishindo ili kuonyesha kwamba kisigino hakichezi. Tatizo lilitatuliwa na mtoto wa miaka sita hivi, aliyechuchumaa bila kusema kitu na kuanza kufungua kamba za viatu hivyo, kama mtu aliyezoea kushughulika na wazee.

Yapo mengine yanayoweza kupitiwa kwa haraka. Alipoulizwa anatokea wapi akajibu kwa mzaha wa vijana wa nyumbani kwamba anatoka Bongo, yaani Tanzania, wasikilizaji wake walicheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe, kwa kuwa huko «bongo» ni uongo, na mtu aliyekiri asili yake waziwazi namna hiyo alistahili heshima fulani. Alipoulizwa mkahawani kama anakunywa «sukre», neno la Kifaransa ambalo Kongo ni jina la soda, alijibu kwamba anakunywa nusu kijiko tu kwa sababu ya umri, akaletewa chupa nzima ya Fanta ambayo kwa aibu aliinywa pamoja na chai. Inafaa kusemwa hapa, kwa kuwa pwani kuna tabia ya kukicheka Kiswahili cha Kongo, kwamba kijana aliyeleta Fanta hiyo aliongea Kiswahili na mwalimu, Kilingala na askari wa meza ya pili, Kifaransa na mtu mwenye mkoba, na lugha ya nyumbani kwao na dada yake aliyekuwa jikoni, yote hayo kabla chupa haijafunguliwa. Na mtu mwenye lugha nne hana deni la ngeli kwa mtu mwenye lugha moja na nusu.

Siku ya tatu mwalimu alifanya kosa la kitaalamu, yaani alitoa daftari. Ili kulielewa kosa hilo ni lazima ikumbukwe kwamba Bunia ni mji uliotazamwa sana. Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 viliuleta ulimwengu mlangoni pake. Mwezi wa Juni mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulituma hapo kikosi cha operesheni iliyoitwa Artemis, baada yake wakaendelea kuwapo askari wa Umoja wa Mataifa. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulioenea Kivu Kaskazini na Ituri ulileta wapimaji wa joto la mwili na wahesabuji wa waliokutana na wagonjwa. Na tangu Mei 2021 jimbo limekuwa chini ya hali ya kuzingirwa, maana yake ni kwamba mamlaka ya kiraia yamewekwa mikononi mwa wanajeshi. Kila wimbi la misukosuko hiyo lilifuatwa na watu wenye kalamu, wengi wao wa mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo Kongo hujulikana kwa kifupi cha Kifaransa ONG. Mgeni aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na daftari, huku akiwaangalia watu na kuandika, kwa mantiki yote ya mji huo si mtazamaji, ni mwandikishaji.

Katika muda usiozidi nusu saa palikuwa na foleni. Ilikuwa foleni ya watu wazoefu, iliyojipanga yenyewe, wazee mbele na kina mama wenye watoto wachanga wakipishwa, na aliyeongoza alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi ambaye alianza kutaja majina ya watu wa nyumbani kwake kwa mwendo wa imla, akitua baada ya kila jina ili liandikwe. «Tuko watu munane,» alisema, kisha akainama kuangalia kama jina la saba limeandikwa sawasawa, akasahihisha herufi moja. Mwalimu, ambaye kwa woga alikuwa ameandika majina yote manane, hatimaye alipata ujasiri wa kueleza kwamba yeye hagawi kitu, hawakilishi mtu, na kwamba anaandika tu namna watu wanavyopita. Mzee alilifikiria jambo hilo kwa muda. Akauliza nani anamlipa kwa kazi hiyo. Aliposikia kwamba hakuna, aliigeukia foleni, akaieleza hali ilivyo kwa lugha ambayo mwalimu hakuielewa, na watu wakatawanyika bila kinyongo, wakimtupia jicho la huruma. Baada ya robo saa mzee huyo alirudi peke yake, akamwekea ndizi mbili juu ya daftari, akasema, «Pole sana, mwalimu,» akaenda zake.

Hata hivyo hakuna eneo lililomtesa mtazamaji kama hesabu ya saa, na kwa kuwa suala hili limesababisha hasara ya chai nyingi, linastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya saa huhesabiwa kuanzia alfajiri na kuanzia magharibi, hivyo saa moja asubuhi ni pale mshale mfupi unapoelekea tarakimu 7. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, kwa kufuata mkondo wa Kifaransa, saa hutajwa kama inavyosomeka kwenye uso wa saa yenyewe, kwa hiyo saba ni saba na tatu ni tatu. Juu ya tofauti hiyo kuna ya pili, kwamba Uganda, Kenya na Tanzania ziko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa tatu ilhali mashariki mwa Kongo iko mbele kwa saa mbili, na mtu anayevuka mpaka kuelekea Bunia anapaswa kurudisha mshale nyuma kwa saa nzima. Simu hujirekebisha yenyewe inapopata mtandao wa huko. Mwalimu wa Tanga, kwa kuwa ni mtu wa kizazi chake, huamini saa ya mkono.

Jambo la kuchekesha, au la kuhuzunisha kwa mwenye kupenda utaratibu, ni kwamba hesabu ya pwani inaikaa Bunia vizuri kuliko inavyoikaa pwani yenyewe. Saa ya mashariki mwa Kongo imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki, na Bunia iko karibu kabisa na mstari huo, tena si mbali na ikweta, hivyo jua lake huchomoza karibu na saa kumi na mbili kamili mwaka mzima. Tanga, iliyopewa saa iliyopimwa kwa mstari wa nyuzi 45 unaopita mbali baharini, hulisubiri jua kwa wastani wa dakika 20 na ushei baada ya saa hiyo. Watu wenye jua sahihi hawalihesabu, na wanaolihesabu hawana jua sahihi.

Basi mwenyeji mmoja mkarimu alimwambia mwalimu, «Kesho utakuya nyumbani saa tatu.» Alikusudia saa tatu ya uso wa saa, yaani alasiri, baada ya kazi. Mwalimu alielewa saa tatu asubuhi, na kwa kuwa saa yake ya mkono ilikuwa bado inasoma Tanga, alibisha hodi wakati Bunia ni saa mbili asubuhi kwa hesabu ya pwani. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliyealikwa alasiri alifika saa saba kabla ya wakati, tukio ambalo wachambuzi wa kinachoitwa saa za Kiafrika hawajaliandalia nadharia. Mama wa nyumba alikuwa anafagia uwanja. Alimpa kiti, kisha chai, kisha albamu ya picha za harusi, kisha, ilipoonekana haondoki, akamtengea chakula cha mchana cha fufu na sombe, ambayo ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na ambayo Tanga huitwa kisamvu. Mgeni aliamini kwamba hiyo ndiyo karamu yenyewe, na kwamba desturi ya hapo ni baba wa nyumba kutoonekana. Mwenye nyumba alipoingia alasiri, kwa haraka na kwa kujali muda, alimkuta mgeni wake amelala kitini, miguu bila viatu, albamu kifuani.

Marekebisho yaliyofuata yalizidisha uharibifu. Mwenyeji huyo, mtu aliyewahi kufanya biashara ya vitenge na watu wa Afrika Mashariki na hivyo kuijua hesabu yao, aliona ni uungwana kumrahisishia mgeni, na kwa mwaliko wa pili alitaja saa nne kwa hesabu ya pwani, akikusudia asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mgeni, ambaye naye alikuwa amefunzwa na aibu, aliona ni uungwana kufuata desturi ya mahali, akaielewa saa nne hiyo kama ya Bunia, yaani alasiri. Kila mmoja alikwenda nusu ya njia kumlaki mwenzake, wakapishana gizani. Chai ilichemshwa, ikapoa, ikachemshwa tena. Kwa saa sita mwenyeji alisimama mlangoni akichungulia barabara. Mara ya tatu walikubaliana kuandikiana kwenye kipande cha karatasi, kwa tarakimu na kwa mtindo wa Kifaransa, 15h00, na wazungumzaji wawili wa Kiswahili wakakutana kwa wakati kwa msaada wa Kifaransa ambacho mmoja wao hakijui.

Barabarani mambo ni mepesi kueleza kuliko kuokoka. Kongo, kwa urithi wa Wabelgiji, huendesha upande wa kulia, na Uganda, Kenya na Tanzania, kwa urithi wa Waingereza, huendesha kushoto. Mtu aliyekulia Tanga hutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, na kwa hiyo huko Bunia hutazama kwa makini sana upande ambao hakuna kinachokuja. Magari mengi yaliyoingia kwa njia ya Afrika Mashariki yana usukani wa kulia, hivyo dereva hukaa pembezoni mwa barabara na hawezi kuona mbele anapotaka kulipita lori, na abiria wa kiti cha mbele, bila kufunzwa na bila bima, hugeuka jicho la dereva. Mwalimu alikalia kiti hicho mara moja. Aliulizwa kama njia ni nyeupe, akatafakari swali kwa utulivu wa kiuandishi, na alipokuwa tayari kujibu walikuwa wamekwisha kulipita lori.

Usafiri wa kawaida wa mjini ni pikipiki, ambayo huitwa moto, na mwendeshaji wake huitwa motari, kutokana na neno la Kifaransa la mwenye pikipiki. Kwa mtazamaji wa watu hakuna maktaba kama moto za Bunia: katika asubuhi moja daftari, ambalo sasa lilikuwa limefichwa ndani ya gazeti, liliandikwa mbuzi aliyekaa wima kati ya watu wawili kama mtoto wa shule, mlango mzima na fremu yake, kitanda cha watu wawili pamoja na mmoja wa watu hao, na moto iliyobebwa juu ya moto nyingine. Ilikuwa ni motari mmoja aliyemshtua mwalimu kwa kusema katikati ya safari, «Tupite kwanza kwa Kadhafi.» Mwalimu, msomaji wa magazeti, alijua kwamba Muammar Gaddafi wa Libya aliuawa Oktoba 2011, na katika sekunde chache zilizofuata alizipitia maana zote zinazoweza kuwamo katika pendekezo la kumpitia marehemu. Kadhafi, kama inavyofahamika na kila mtoto wa Kongo, ni muuza petroli wa kando ya barabara, mwenye meza, faneli na chupa zilizojazwa, aliyepewa jina la mtawala wa nchi yenye mafuta. Kadhafi wa siku hiyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kilemba, na alitaka alipwe kabla ya kumimina.

Malipo yenyewe yanahitaji maelezo machache. Dola ya Marekani hutumika pamoja na faranga ya Kongo, na dola moja hubadilishwa kwa zaidi ya faranga 2000, kazi inayofanywa na kambisti, yaani mbadilisha fedha anayekaa na vibunda vyake juu ya meza ndogo hadharani kwa utulivu ambao mtu wa Dar es Salaam hawezi kuutazama bila kushikwa na jasho. Faranga hupokelewa hata ikiwa imechakaa kama kitambaa cha kupangusia jiko. Dola hukaguliwa kama karafuu za Zanzibar zinavyokaguliwa na mnunuzi: huinuliwa juani, hukunjwa, hupapaswa, huvutwa masikio, na ikipatikana na mpasuko wa upana wa ukucha wa mtoto au chapa ya mwaka wa zamani hurudishwa kwa heshima, kama posa iliyokataliwa. Noti ya dola 20 ya mwalimu ilikuwa na doa la wino kwenye kona, kazi ya karani fulani wa nchi fulani. Iligonga milango minne ya makambisti, ikarudi Tanga na mwenyewe, na hadi leo imo ndani ya kamusi, ikishika ukurasa wa herufi T penye neno «tosha».

La mwisho linahusu bendera. Katika miji ya Kongo, bendera ya taifa inapopandishwa asubuhi na inaposhushwa jioni kwenye majengo ya serikali, kila aliye karibu husimama tuli, mwenye miguu na mwenye magurudumu, hadi ishara ya kuendelea itolewe. Jioni moja mwalimu alisikia filimbi, akaona mtaa mzima umeganda kama minazi siku isiyo na upepo, na kwa kuwa kama mtazamaji hakuwahi kupata nafasi nzuri kiasi hicho, aliendelea kutembea katikati ya watu hao akiwaangalia usoni mmoja mmoja, akawasalimu wawili «jambo», kwani sasa alikuwa ameizoea, na kushangaa kwamba siku hiyo hakuna anayeitikia. Mwanafunzi mmoja wa shule alimshika shati bila kugeuza kichwa. Kutoka upande wa pili askari alimwonyesha kidole, akakitikisa mara moja tu, na ilitosha, kwa maana ya pwani.

Somo hilo lilimwingia kuliko yote. Siku chache baadaye, akiwa anavuka bulevadi baada ya kutazama kushoto, kulia, na kushoto tena, alisikia filimbi kali nyuma yake, naye akasimama papo hapo, visigino pamoja, mikono ubavuni, macho mbele. Filimbi ilikuwa ya kijana aliyechezesha mpira wa miguu uwanjani nyuma ya maduka. Moto zilimpita kulia na kushoto kama maji yanavyopita gogo, motari mmoja akapiga honi, mwingine akapunguza mwendo kumwangalia vizuri, na mwalimu hakutikisika. Mama mmoja aliyekuwa anatoka sokoni na beseni la makayabu kichwani, ambayo ni samaki wa kukaushwa kwa chumvi, alifika alipo, akamzunguka mara moja, akauliza kwa upole, «Papa, unangoya nani?»

«Bendera,» alijibu bila kugeuza shingo.

Mama alitazama upande wa mbele, akatazama upande wa nyuma, hakuiona. Hata hivyo akalishusha beseni, akanyoosha kitenge chake, akasimama kando yake.